Kona za Kushoto Kati ya Kitale na Mabanga

Jumatatu, 3 Mei 2004. Kitale

Doa limekua. Jana lilikuwa na ukubwa wa sahani, leo ni sinia. Jekundu, linang'aa, chini ya gurudumu la mbele la kushoto. Nimelipima kwa rula. Mwenye gari lazima ajue mambo yake.

Gari nimelipeleka kwa fundi Abdirashid, gereji ya nyuma ya msikiti. Akalala chini, akatoka na kidole chekundu. Amesema ni paipu ya pawa stelingi, ile inayopitisha oili ya kulainisha usukani. Imezeeka, imevimba shingoni, inavuja. Oili ikiisha kabisa, nitazungusha usukani kwa mabega yangu mwenyewe. Paipu nyingine itatoka Eldoret Jumatatu ijayo. Nisiende mbali kabla ya hapo.

Jumatatu ijayo! Na kikao ni Jumamosi hii!

Acha niandike yote, maana humu nyumbani hakuna wa kumweleza. Mwezi wa Januari nilimuuza Suzi, ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, wa mke wangu Roselyne, nikanunua gari hili kwenye mnada wa magari ya serikali. Lilikuwa la ofisa mkubwa. Bado lina tundu la kuchomeka bendera kwenye boneti. Nilitaka kumshangaza Roselyne. Alishangaa. Suzi alikuwa zawadi ya mama yake, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau na yeye hakuwa amelisahau. Akaenda kwao Mabanga, kule Bungoma, na sanduku moja. Akaniachia sufuria mbili na kichungi cha chai.

Sasa ndugu zake wanakaa Jumamosi kuamua kama arudi kwangu au abaki. Edah wa kanisani ameniletea ujumbe: niende nijitetee mwenyewe. Nitaenda. Lakini lazima niende kwa gari. Nikishuka kwa basi, watauliza basi ng'ombe alienda wapi.

Nimepika ugali wa watu wawili tena. Mkono umezoea. Nimekula nusu yangu.

Jumanne, 4 Mei

Mpango wa kwanza: sabuni ya kipande. Dereva yeyote wa huku anajua kwamba tangi la petroli likivuja unalipaka sabuni ya kufulia na unafika Nairobi. Nimepaka kipande kizima shingoni mwa paipu. Juu yake nikafunga ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko tisa, nikakaza kwa meno.

Jirani yangu Ndung'u alikuwa ameegemea ua. Huyu alistaafu posta na hana kazi nyingine ila kuniangalia. Akauliza kama ninaliosha. Nikamwambia huu ni ufundi. Akasema tangi la petroli halina presha, lakini paipu ya usukani ina presha nyingi, sabuni haiwezi. Maneno makubwa kwa mtu mwenye baiskeli!

Nikawasha. Nikazungusha usukani. Kukasikika mlio kama wa mtu anayepiga chafya, na povu la rangi ya waridi likatoka pande zote za boneti. Likanifikia shati. Likafika kwa kuku wa Ndung'u, mweupe, ambaye sasa si mweupe.

Ndung'u hakucheka mbele yangu. Aliingia ndani kwanza, akafunga mlango, halafu nikamsikia. Alicheka muda mrefu. Mkewe pia. Nilisimama pale na sabuni mkononi nikiwasikiliza hao wawili, na kusema ukweli sikukasirika. Nilitamani tu kuwa ndani.

Jumatano, 5 Mei

Usiku nimewaza vizuri. Oili inavuja. Sawa. Lakini haipotei, inaanguka tu! Asubuhi nimeweka sufuria kubwa ya Roselyne chini ya gari. Kufikia saa sita ilikuwa na kikombe kizima. Nimeichuja kwa kichungi cha chai, nikairudisha kwenye kikopo chake chini ya boneti. Oili ileile, kazi ileile. Ajabu Abdirashid hajawahi kufikiria jambo hili. Labda amefikiria, akanyamaza, kwa sababu anauza oili.

Saa kumi nimekunywa chai. Ina ladha ya gereji. Nimeimaliza.

Halafu nimegundua jambo la pili, kubwa zaidi. Nimekaa uani nikizungusha usukani huku na huku, nikishuka kila mara kuchungulia. Kulia: tone moja moja. Kushoto: mchirizi! Paipu inabanwa nikikata kushoto. Kwa hiyo tatizo si paipu. Tatizo ni kushoto.

Nimepiga kelele ya furaha. Nikageuka ili nimwambie mtu. Kuku wa waridi alinitazama.

Alhamisi, 6 Mei

Nimechora ramani ya barabara yote, Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, Mabanga, kwa kumbukumbu. Nimehesabu kona za kushoto. Kona kubwa ni kumi na saba. Nyingi ni za taratibu, nitazichukua kwa upana. Mbaya kweli ni tatu. Lakini hata hizo zina dawa: ukikata kulia mara tatu, umekata kushoto. Nilifundishwa hesabu, si kama wengine.

Nimejaribu mjini. Nilitaka kwenda posta, ambayo iko kushoto ukitokea sokoni. Nikakata kulia. Nikakata kulia tena. Barabara ya tatu ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mtaro. Nikarudi sokoni. Nikakata kulia. Mara ya nne askari wa trafiki, mwanamke mmoja mrefu, akanisimamisha. Alisema ameniona nikizunguka tangu saa tatu, akauliza kama kuna mtu ninayemtafuta.

Nikasema ndiyo. Akaniuliza nani. Nikamwambia ni mke wangu. Akaniangalia kwa huruma, akaniachilia, akasema Mungu atasaidia. Lilikuwa jambo jema sana kuambiwa na mtu mwenye sare. Posta sikufika.

Ijumaa, 7 Mei

Nimeosha gari. Nimepiga pasi suruali ya kijivu. Nimenunua kitambaa cha maua nikakitandika kwenye kiti cha abiria, maana hakuna mtu aliyewahi kukikalia tangu mnada na kilikuwa na vumbi. Roselyne atakaa hapo.

Nimempigia shemeji yangu Wabwile kutoka simu ya kibandani. Yeye ni mwalimu, ana simu ya mkononi, na hata ukiongea naye kuhusu mvua atakwambia kwanza kwamba anakusikia vizuri sana. Nikaomba kuongea na Roselyne. Akasema ameenda kisimani. Lakini nyuma yake nilimsikia akicheka na watu. Kicheko chake nakijua. Kinaanzia puani.

Wabwile akauliza nitakuja na nini. Nikamwambia kwa gari. Akasema: "Hiyo gari ya ng'ombe? Si ukuje tu na basi, bana. Hakuna mtu ameuliza mambo ya gari."

Wivu huo. Nikakata simu. Nimejaza oili mpaka mdomo wa kikopo na chupa ya akiba nimeiweka mezani ili nisiisahau.

Jumamosi, 8 Mei. Mabanga, kwa Wabwile

Chupa niliisahau mezani.

Niandike pole pole. Nilitoka alfajiri. Ndung'u aliniondolea mbao mbili za ua ili nitoke moja kwa moja bila kukata kushoto. Alinipungia mkono. Kiminini salama. Kamukuywa salama. Nilikuwa nachukua kona za kushoto kwa upana, malori mawili yaliniambia kitu lakini vioo vilikuwa vimefungwa. Baada ya Misikhu pampu ikaanza kulia. Kufika Webuye ikanyamaza, nikafurahi. Sikujua kwamba imenyamaza kwa sababu oili imekwisha.

Kwenye lami usukani mzito hausumbui sana, gari likienda linajiendea. Shida ni ukipunguza mwendo. Na njia ya kwenda kwa wakwe zangu unaiendea kwa mwendo wa mguu: nyembamba, matope, miwa kulia, miwa kushoto, inateremka moja kwa moja mpaka bomani.

Katikati ya njia alikuwa mama mkwe wangu, na kuni kichwani.

Sisi huku mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawasalimiani kwa mkono, mkwe hali mbele yake, haingii jikoni kwake hata nyumba ikiungua. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayetoka njiani. Hilo halina mjadala. Miaka ishirini na mbili nimemheshimu mama yule, ningeweza kumtambua kwa mgongo tu.

Nikakanyaga breki. Naye akasimama. Nikakata kulia niingie kwenye miwa. Usukani haukusogea. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikaweka goti. Wapi! Nikajaribu rivasi, magurudumu yakazunguka tu kwenye matope. Mama akavuta leso akafunika uso. Mimi nikavua kofia nikafunika wangu. Tukangoja. Alingoja nitoke njiani kama mtu aliyelelewa. Nilingoja sijui nini.

Ndipo nikapata wazo, na mpaka sasa naona lilikuwa wazo la heshima. Nitafumba macho. Nitapiga honi, nitashuka polepole nimefumba macho, yeye atapisha, na nitakuwa nimepita bila kumwona. Nikafanya hivyo. Nikasikia miwa ikivunjika kando, nikasikia kuni zikianguka, nikajua amepisha. Sikumwona hata ukucha! Nilifurahi kwa adabu yangu mpaka nikasahau kufumbua macho.

Gari likasimama lenyewe. Nikafumbua. Mbele yangu kulikuwa na moshi, mafiga, chungu cha maharagwe kimelala ubavu, na paka. Nilikuwa nimeingia jikoni kwa mama mkwe wangu.

Hakuna aliyeumia. Hilo nalishukuru. Ukuta wa udongo ulianguka wote upande mmoja, kwa utaratibu.

Kikao kikaacha habari ya ng'ombe. Wazee walisimama kuzunguka gari. Je, mkwe ameingia jikoni, au gari ndilo limeingia? Mjomba wao mkubwa akasema gari si mtu, halina mama mkwe. Mwingine akasema gari halikuja peke yake. Wabwile akaleta kamba, wakapima kutoka ukingo wa paa. Boneti ndani. Usukani ndani nusu. Kiti changu nje. Lakini miguu, iliyokuwa kwenye breki, ilikuwa ndani. Uamuzi: mwili wangu haukuingia, miguu yangu iliingia. Nitajenga ukuta, nitaleta blanketi na kondoo wa kumtuliza mama, na habari ya Roselyne itangoja mpaka jiko liwe jiko tena.

Roselyne alisimama pembeni muda wote. Alikuwa na gauni la bluu. Sikujua aseme nini ili nijisikie vizuri. Gari lilipovutwa nje na ng'ombe wa kulimia, niliona sanduku lake pale jikoni karibu na mlango, limefungwa kwa kamba, gurudumu la kushoto, lililolowa oili, juu yake. Nikawaza, nani anaweka sanduku jikoni?

Jumapili, 9 Mei. Kitale

Abdirashid hawezi kupeleka gereji Mabanga, kwa hiyo nimelirudisha gari kwa nguvu za mikono. Mikono ya watu wawili. Wabwile alikaa kiti cha abiria, juu ya kitambaa cha maua, na kila kona nikisema sasa, tunavuta pamoja. Alisema atanisindikiza mpaka Webuye tu. Webuye akasema Kamukuywa. Tukafika Kitale.

Ni mtu wa kwanza kukaa kiti kile. Ana magoti marefu, ananuka chaki, na anakosoa kila gia. Nilitamani barabara iwe ndefu kidogo.

Karibu na Kiminini aliniambia bila kunitazama. Roselyne alikuwa amefunga sanduku tangu Ijumaa. Kikao kilikuwa cha desturi tu, kila mtu alishajua anarudi. Sanduku liliwekwa jikoni ili mimi nisilione kabla ya wazee kumaliza kunikemea. "Wewe ungekuja tu hata na miguu," akasema, "saa hii mngekuwa kwenu mnakunywa chai."

Nilisimamisha gari. Nilimwambia ni usukani, mikono imechoka. Nililia kidogo, nikiangalia upande wa mahindi. Wabwile akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti mpaka nikamaliza.

Kabla ya kupanda basi lake alinipa maneno ya dada yake. Magauni yake yote yana oili nyekundu. Sasa hataki kikao, hataki maneno, hataki gari. Anataka ng'ombe. Siku nitakayokuja na ng'ombe, hata kama nimetembea naye, siku hiyohiyo atarudi nami.

Jumanne, 11 Mei

Paipu imefika. Abdirashid ameifunga kwa dakika arobaini, akiwa anakunywa soda. Usukani sasa unazunguka kwa kidole kimoja. Kushoto, kulia, hakuna tone. Nimeweka katoni chini na imebaki kavu.

Nilikaa ndani ya gari uani mpaka saa moja, nikizungusha usukani. Lilikuwa gari zuri kweli. Hata Ndung'u alikuja akazungusha kidogo. Lakini nimeamua. Gari linaondoka. Mke kwanza!

Alhamisi, 13 Mei

Ushindi! Ushindi! Nimekwenda Saboti kwa mkulima aitwaye Kiplangat, ambaye ana ng'ombe wengi na hana gari. Alilizunguka mara mbili, akauliza kama linavuja. Nikamwambia kwa kiapo: halivuji. Raha ya kusema ukweli! Tukabadilishana, gari kwa mtamba mwenye mimba, mweusi na mweupe, pembe ndogo. Nimemleta Kitale kwa miguu, nikiimba.

Nimempigia Wabwile. Safari hii simu alipewa Roselyne mwenyewe. Aliuliza ng'ombe ana rangi gani. Aliuliza mimba ya miezi mingapi. Kisha akauliza: "Na wewe, umekula?"

Hakuna mtu ameniuliza hivyo tangu Januari. Nilisema nimekula. Sikuwa nimekula. Akasema nimlete ng'ombe Jumapili baada ya kanisa, atakuwa tayari, na safari hii sanduku ataliweka sebuleni.

Nimefunga mtamba karibu na dirisha. Namsikia akitafuna nje. Nyumba imebadilika kabisa kwa kutafuna tu.

Jumamosi, 15 Mei

Leo nimetumia akili kuliko siku zote za mwezi huu. Niandike kwa mpangilio.

Mtamba mwenye mimba hawezi kutembea kutoka Kitale mpaka Mabanga. Hata Ndung'u amekubali hilo. Alisema nikodishe nafasi kwenye lori la mahindi, ana binamu yake anayeendesha moja, atanichukua kesho bila shida. Lakini nikafikiria. Kukodisha ni kutegemea watu. Mwanaume anarudisha mke wake kwa lori la mtu mwingine? Roselyne akae wapi, juu ya magunia?

Nikaenda sokoni nikimwongoza mtamba, nikakutana na Chelimo, mfanyabiashara wa mifugo kutoka mlimani. Ana pikapu. Nzee, kijani, imara. Mbele kuna nafasi ya watu wawili, nyuma ina vyuma vya kushikilia ng'ombe mzima! Nikauliza habari za usukani. Akacheka, akasema hii ni ya zamani, haina pawa stelingi. Haina paipu, haina pampu, haina oili nyekundu. Nikainama kuangalia. Kweli, hakuna kitu. Gari ambalo haliwezi kuvuja usukani hata likitaka!

Nikaona mkono wa Mungu. Chelimo naye alikuwa anamtazama mtamba wangu kwa jicho zuri. Tumemalizana kabla ya saa saba. Mtamba kwake, pikapu kwangu.

Nimeiendesha mpaka nyumbani, nimekata kushoto kila mahali, hata pasipohitajika. Ndung'u alikuja akaizunguka. Akatazama nyuma, penye vyuma. Akatazama dirishani, penye kamba. Akauliza ng'ombe yuko wapi. Nikamweleza mpangilio wote kuanzia mwanzo. Hakucheka. Alinishika bega, akakaa hivyo kidogo, akarudi kwake.

Nimehamisha kitambaa cha maua nikakitandika kiti cha abiria. Nimefagia nyuma, nimeweka nyasi kavu. Nimempigia Roselyne kwa simu ya Wabwile kumwambia usafiri umepatikana, wetu wenyewe, mke wangu usiwe na wasiwasi. Akauliza kama ng'ombe ameshapanda. Nikaanza kumweleza kuhusu Chelimo. Simu ikakatika. Nimejaribu tena mara nne, imezimwa. Mtandao wa Mabanga ni mbaya sana wakati wa mvua.

Haidhuru. Kesho nitamweleza ana kwa ana. Kila kitu kiko tayari: pikapu ipo, nyasi zipo, vyuma vipo, usukani hauvuji. Kimebaki ng'ombe tu.